Blanketi la Mia Nne

Malaba
8 Julai 1996

Kwa Mzee Ogada,

Pole kwa mguu. Natumai plasta haikuwashi sana.

Tulifika Malaba jana saa tisa mchana, lakini hatujavuka. Ile karatasi ya daktari wa mifugo tuliyopewa ni fotokopi. Bwana wa ofisi hapa mpakani ameirudisha akasema anataka yenyewe, yenye muhuri wa wino. Nilimwambia yenyewe iko Limuru. Akasema basi farasi naye arudi Limuru. Hapo nikachukua karatasi nikatoka.

Dereva Opondo hangeweza kungoja. Alikuwa na chakula cha kuku cha kufikisha Jinja, kwa hivyo alitushusha kando ya barabara akaingia kwenye foleni yake. Fikiria, Mzee: mimi na Kanali katikati ya malori, na kila utingo akiniuliza kama huyo punda ni wa kuuza. Kuna mama hapa anaitwa Asio, ana lojing'i ya vyumba sita na banda la ng'ombe nyuma. Ng'ombe wake aliuzwa mwezi jana. Kanali amepata nafasi hapo, nami nimepewa chumba kinachopakana na banda.

Sasa nina swali dogo, la kuhakikisha tu. Katika gunia la vitu vya Kanali kuna mablanketi matatu. Jeusi ni nene kama godoro na kibandiko chake kinasema 400. La buluu ni la kadiri, 200. La kijani ni jembamba kama hema, na hapo kuna 0, lakini chini ya hiyo sifuri kuna nambari nyingine, 1200. Ndiyo inayonichanganya. Jembamba kuliko yote ndilo lenye nambari kubwa kuliko zote. Kule Kitale nilikofanya kazi hatukuwa na vibandiko vya namna hii. Nimvalishe lipi?

Barua hii anakuja nayo dereva Amollo. Ataiacha kwenye ile hoteli ya chai pale Kamandura.

Ni mimi,
Callistus Oduori


Limuru
10 Julai 1996

Kwa Callistus,

Barua yako nimeipata, dereva ni mwaminifu. Karatasi yenyewe imo katika meza ya Memsaab, na Memsaab yuko Malindi mpaka Jumanne ijayo. Nyumba imefungwa, simu imo ndani ya nyumba, ufunguo uko Malindi. Kwa hivyo kaa hapo na utulie.

Kuhusu mablanketi, nashangaa unaniuliza. Ulipokuja hapa miezi mitatu iliyopita ulisema umeshika farasi Kitale miaka miwili. Hata hivyo nitakueleza, maana mimi nina miaka ishirini na tisa katika kazi hii na sichoki kufundisha.

Siku ile kabla ya kusafiri, Memsaab alisimama pale mlangoni akaniambia maneno haya haya: "Ogada, upande wa mablanketi uangalie uzito." Nami nimeangalia. Kanali tulimpima kwa ule utepe wa kukadiria kilo mwezi wa tano, ana kilo mia nne na thelathini. Blanketi lake basi ni la mia nne. Lile la mia mbili ni la farasi mdogo au ndama wa farasi; huku lilimtosha kwa sababu alikuwa na manyoya yake. La sifuri ni la kufunikia mizigo. Hiyo elfu moja mia mbili ni nambari ya kiwanda, isikusumbue.

Kanali amenyolewa manyoya ili apendeze kwa mnunuzi, kwa hivyo hana kitu mwilini. Huku kwetu ukungu hauondoki mpaka saa tano, na asubuhi nyasi zinalia chini ya viatu. Mfunge mikanda yote, ya kifuani na ya tumboni. Usimvue mpaka nikuambie.

Bwana Kasule wa Kampala amemnunua Kanali mzima. Afike mzima.

Ogada


Malaba
12 Julai 1996

Kwa Mzee Ogada,

Asante kwa kunifafanulia. Nilimvalisha lile jeusi jana asubuhi mara tu nilipoipata barua yako.

Nakiri nilikuwa na wasiwasi kidogo, kwa sababu nyuma ya ile 400 kuna herufi g, na mimi shuleni nilifundishwa kwamba g ni gramu. Nikalibeba blanketi mpaka kwa posho mill nikaliweka kwenye mizani. Lilikuwa kilo tano na nusu. Nikaona basi si gramu, hiyo ni lazima iwe ile ya kilo za farasi kama ulivyosema. Roho yangu ikatulia.

Lakini Mzee, huku si Limuru. Saa nne tu jua linachoma mabati mpaka yanalia. Kanali anatoka jasho. Linadondoka chini ya tumbo, na penye mikanda kuna povu jeupe. Jana alikula kidogo, leo hajala kabisa. Maji anayaangalia tu. Labda ndivyo farasi wanavyozoea mahali papya? Nimepanga kungoja.

Mama Asio anasema nimvue. Nimemjibu kwamba kazi ya farasi si kama ya ng'ombe. Hakufurahi.

Watu wanakuja kumwona kutoka pande zote mbili za mpaka, wengine wamebebwa kwa boda boda makusudi. Wanasema punda amevaa koti. Kwa sababu ya makelele nimemficha Kanali kule ndani kabisa nyuma ya lojing'i na nimeziba mlango kwa magunia, mtu yeyote asijue aliko. Nikikaa karibu naye nasikia anavyohema. Tafadhali nijibu upesi. Kanali hayuko vizuri, na sitaki akifia upande huu wa mpaka iwe mimi ndiye niliyemlinda.

Ni mimi,
Callistus Oduori


Malaba
14 Julai 1996

Kwa Mzee Ogada wa farasi,

Yoga, ndiyo salamu yetu, mzee. Wewe hunijui. Mimi ni Asio, mwenye lojing'i. Anwani yako nimetoa kwa barua yako mwenyewe, nilikuta kwa meza ya kijana wako. Nisamehe, nimeisoma yote.

Nataka kukuambia vitu viwili na uvisikie vizuri.

Cha kwanza, mnyama wako anakufa. Amesimama kichwa chini kama mtu ametoka matanga. Mbavu zinaenda haraka haraka. Jana nilipenyeza mkono chini ya hilo blanketi, nilitoa mkono umelowa kama nimeutoa kwa sufuria. Ngozi ya begani imeanza kuchubuka. Nilimwambia huyu Callistus, "Vua." Akaniambia, "Mzee amesema nisivue." Nikamwambia, "Mzee yuko wapi?" Akasema, "Limuru." Nikamwambia, "Limuru inaona huku?"

Mimi nauliza wewe, kwa sababu yeye hajui. Mungu alimpa huyo mnyama nywele zake. Mlimnyoa kwa nini? Halafu baada ya kumnyoa, mnamvalisha blanketi. Mnyoe, mfunike. Hii ni akili gani?

Cha pili. Kijana wako hajawahi kushika farasi. Jana jioni nilimkuta bandani amekaa kwa ndoo analia. Nikamuuliza, "Kitale mlikuwa mnafanyaje farasi akiwa hivi?" Akasema, "Mama, Kitale nilikuwa napalilia mahindi. Farasi nilikuwa naona kwa ua la jirani." Alidanganya apate kazi. Form Four yake imekaa miaka sita bila kazi huko kwao Funyula. Sikuletei hii ili umfukuze. Nakuletea ujue kwamba unamwandikia mtu hajui, na yeye anafuata kila neno lako kama Biblia.

Sasa mimi nangoja mpaka kesho saa nne. Kama hakuna jibu nitavua hilo blanketi na mikono yangu, na wewe ukitaka unishtaki.

Barua hii inakuja na dereva wa tanki la mafuta, ya Callistus ya Ijumaa ilienda na Amollo na Amollo hajaonekana.

Asio


Malaba
15 Julai 1996

Mzee,

Tumemvua.

Sikungoja saa nne. Saa mbili asubuhi Kanali alipiga magoti. Sikujua farasi hupiga magoti. Nilifikiri anataka kulala, lakini alibaki hivyo, miguu ya mbele imekunjwa na ya nyuma imesimama, kama amesahau afanye nini. Mama Asio alikuja mbio na kanga ya kulalia. Alikwenda upande mmoja, mimi upande mwingine, tukafungua mikanda. Ule wa kifuani ulikuwa umevimba kwa jasho, ikabidi tuukate kwa kisu cha jikoni. Blanketi lilipoanguka, mvuke ulipanda kama wa chungu cha ugali. Tulimmwagia maji taratibu, miguuni kwanza, kisha shingoni. Majirani walileta mitungi bila kuitwa. Baada ya muda Kanali akasimama. Saa sita akanywa ndoo nzima na nusu ya pili.

Mama Asio ameniambia kwamba amekuandikia. Basi unajua kuhusu Kitale. Ni kweli. Nilikuwa napalilia mahindi. Nilisikia mnatafuta saisi wa kutunza farasi nikasema mimi ni saisi, nikijiambia kwamba nitatazama wengine wanavyofanya na nitajifunza. Nilijifunza kupiga brashi na kusafisha kwato. Mengine niliogopa kuuliza, kwa sababu mtu aliyefanya kazi hiyo miaka miwili angekuwa anajua.

Sasa nimechanganyikiwa zaidi ya mwanzo. Saa kumi mvua kubwa ilinyesha na banda linavuja. Kanali alilowa akaanza kutetemeka. Nikamvalisha la buluu. Nikaona huenda atatoka jasho tena, nikamvua. Akatetemeka. Nikamvalisha la kijani, lile la mizigo. Nikaona chini yake bado amelowa, nikalitoa. Nimemvalisha na kumvua mara sita leo. Mwishowe Mama Asio alimsugua kwa magunia makavu mpaka akaacha kutetemeka, na sasa amesimama bila kitu, na mimi nimesimama karibu naye nimeshika blanketi mkononi.

Barua yangu ya tarehe kumi na mbili uliipata? Mbona kimya?

Callistus


Limuru
17 Julai 1996

Kwa Callistus,

Usinilaumu kwa kimya; barua ya huyo mama wa lojing'i na yako ya Jumatatu nimezikuta leo pamoja. Sikiliza yaliyonipata.

Barua yako ya Ijumaa haikufika kwangu, ilifika kwa polisi. Amollo alisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani, gari likapekuliwa, wakaikuta kwenye dashibodi, wakaifungua. Walisoma: Kanali ametoka jasho, hajala, nimemficha nyuma ya lojing'i, nimeziba mlango, asife upande huu wa mpaka. Unajua siku hizi hali ilivyo kati yetu na Uganda. Wakamweka Amollo ndani siku mbili aseme ni Kanali wa jeshi gani. Jumatatu wakaja kwangu, watu wanne na bunduki, wakanipakia kwa Landrover na plasta yangu. Waliniuliza, "Kanali anaitwa nani kwa jina kamili?" Nikasema, "Kanali tu." "Alizaliwa wapi?" Nikasema, "Molo." "Cheo hicho alipewa na nani?" Nikasema, "Na Memsaab." Hapo mmoja alinipiga kofi. Neno farasi katika barua yako waliliona ni fumbo, na kila nilipowaambia ni farasi kweli waliona nawachezea.

Jana Memsaab alirudi akasikia, akaja kituoni na picha ya Kanali amevaa utepe wa maonyesho. Wakacheka, wakatupa chai, Amollo akaachiliwa. Lakini walimpa Memsaab barua yako, naye akaisoma palepale kwenye benchi. Uso wake ulibadilika. Akauliza, "Nani aliyesema mia nne?"

Sasa shika haya, nimeyaandika kama alivyoyasema. Ile nambari si uzito wa farasi. Wala si uzito wa blanketi. Ni gramu za pamba iliyoshindiliwa ndani yake, kwa kila mita moja mraba ya kitambaa. Ndiyo maana mizani ilikudanganya: blanketi lina mita nyingi, na kitambaa na mikanda vina uzito wao. Mia nne ni la kwao Ulaya penye theluji. Mia mbili ni la Limuru wakati kama huu. Sifuri halina pamba, linazuia mvua na upepo tu. Elfu moja mia mbili ni nguvu ya uzi wa kitambaa cha juu, lisichanike, haihusu joto hata kidogo. Aliposema niangalie uzito, alitaka niangalie pamba iliyo ndani na hali ya hewa ya mahali.

Malaba mchana usimvalishe chochote. Mvua ikinyesha, mkaushe kwanza kwa gunia, kisha lile la sifuri. Alfajiri yenye baridi, la mia mbili, na jua likitoka ulitoe. Usipime baridi kwa kumshika masikio. Ingiza mkono chini ya blanketi, begani. Pakiwa pakavu na pana joto la kawaida, yuko sawa. Pakiwa na unyevu, amezidishiwa.

Karatasi yenyewe ya daktari iko ndani ya bahasha hii.

Kuna jambo lingine. Memsaab amekasirika sana. Kosa la blanketi limekuwa lako. Nimeagizwa nikuandikie kwamba ukishamfikisha Kanali kwa Bwana Kasule usirudi huku. Vitu vyako nitavituma Funyula. Ndivyo ilivyo. Wewe bado una umri wa kutafuta kazi nyingine.

Ogada


Malaba
19 Julai 1996

Mzee Ogada,

Karatasi imefika na bwana wa ofisi ameigonga muhuri. Tunavuka kesho asubuhi na lori la Opondo.

Kanali anakula. Bega limeanza kukauka, Mama Asio anampaka mafuta ya alizeti. Nimefanya kama ulivyoandika: nimeingiza mkono begani asubuhi, mchana na jioni. Ni kweli, masikio yanaweza kuwa baridi na begani pakawa sawa. Nimefurahi kujua. Ningefurahi zaidi kama ningejua tarehe kumi.

Barua yako niliisoma mara tatu kabla ya kuelewa. Umeandika, "Kosa la blanketi limekuwa lako." Limekuwaje langu? Memsaab alikuuliza nani aliyesema mia nne. Umeniandikia swali lake lakini hukuandika ulimjibu nini.

Barua yako ya tarehe kumi ninayo. Mama Asio anasema niitie ndani ya bahasha nimpelekee Memsaab. Alinipa hata bahasha. Nilikaa nayo jana yote. Mara naona ni haki yangu, mara naona mtu mwenyewe amepigwa kofi na polisi juu ya barua niliyoiandika mimi. Na tena mimi pia nilidanganya. Kama ningesema mapema kwamba sijui, ungenijibu kwa namna nyingine. Au ungenijibu vilevile? Sijui. Hilo ndilo linanizungusha kichwa. Mimi nilijifanya najua kwa sababu nilikuwa na njaa ya kazi. Wewe una miaka ishirini na tisa. Ulikuwa na njaa ya nini?

Sitaituma. Nimeiacha hapa kwa Mama Asio, ameiwashia jiko mbele ya macho yangu huku akinitukana Kiteso.

Nitakuwa Kampala. Ukitaka kunijibu, niandikie kwa anwani ya Bwana Kasule.

Callistus Oduori


Limuru
24 Julai 1996

Nyathina, mwanangu Callistus,

Barua hii naandikiwa na binti ya dereva wa trekta, na zile zingine pia aliniandikia yeye. Leo ninamwambia aandike kila neno, hata yale ambayo ananiangalia kabla ya kuandika.

Mimi sijui kusoma. Kiingereza hata kidogo, na Kiswahili ni jina langu tu. Nilipoanza hapa mablanketi yalikuwa ya gunia na sufi. Ulikuwa unalibeba mkononi, mkono unakuambia. Farasi nilikuwa nawajua kwa kuwagusa na sikuwahi kuua hata mmoja. Halafu miaka miwili iliyopita yakaja haya ya Ulaya. Mepesi yana joto, mazito hayana, kila kitu kimeandikwa kwenye kibandiko. Hapa nyumbani niliyajua kwa rangi: la buluu. Buluu tu, mwaka mzima, na hakuna aliyeona kwamba sijui. Kisha ukaja wewe. Siku ya kwanza nilikuona umesimama kwenye ghala unasoma vibandiko kwa sauti. Usiku huo sikulala vizuri.

Ulipouliza lipi, nilijua jibu la mtu mwenye akili lingekuwa, "Callistus, wewe uko hapo, mguse, hali ya hewa unaiona." Nilishindwa. Niliona kwamba nikisema hivyo utajua sina jibu. Nikatengeneza jibu. Kilo mia nne na thelathini, blanketi mia nne. Lilinipendeza hata mimi. Nililiamini.

Pale kituoni Memsaab alipouliza nani, nilisema, "Mimi nilimwambia la buluu, huyo kijana amechanganya." Nilisema haraka kabla sijafikiri, na baada ya kusema sikuona njia ya kurudi nyuma.

Barua yako ilipofika niliomba isomwe mara moja tu. Nikachukua fimbo nikaenda mpaka kwenye veranda. Memsaab alikuwa anakunywa chai. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Aliweka kikombe chini. Kisha akauliza, "Ogada, miaka yote hii, kwa nini hukusema kwamba husomi?" Nikamwambia, "Wewe pia hukuwahi kuniuliza." Alinitazama kama ananiona mara ya kwanza. Sijui kama nilifanya vizuri kusema hivyo.

Amesema kazi yako ipo, urudi. Amesema uchukue nafasi yangu, na mimi niende nyumbani Asembo mguu ukipona. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Nami nimekubali. Banda nimelifagia leo kwa mguu mmoja ulikute safi.

Uliniuliza nilikuwa na njaa ya nini. Sina jibu nililotengeneza.

Ogada, mwana wa Okinyi


Kampala
2 Agosti 1996

Kwa Mzee Ogada,

Barua yako nimeipata, na mwambie binti ya dereva kwamba ana mwandiko mzuri kuliko wangu.

Kanali yuko hapa, amenenepa kidogo. Tulipofika Bwana Kasule aliona kovu la begani mara moja. Akaniuliza, "Ssebo, hii ni nini?" Nilikuwa nimepanga maneno njiani kutoka Malaba mpaka Jinja: kwamba ni lori, ni kamba, ni nzi. Yote yalinitoka kichwani. Nikamwambia ni blanketi, kwamba nililivalisha mimi, kwamba sikujua maana ya nambari na kwamba sikuwa saisi mpaka mwezi wa nne mwaka huu. Wewe sikukutaja. Alizunguka farasi mara mbili, akamwinua kila mguu, akaingia ndani ya nyumba. Nilikaa nje na mfuko wangu mapajani saa nzima. Kisha mke wake akatoka akaniuliza kama nimekula.

Wameniajiri kwa miezi mitatu ya kuangaliwa. Bwana Kasule anamwita daktari wa mifugo kila Jumamosi, nami natembea nyuma yake na daftari.

Kwa hivyo sirudi Limuru. Nimemwandikia Memsaab kumshukuru. Nimemweleza pia kuhusu Kitale, maana asingenipa kazi yako kama angejua. Nikamwambia kwamba banda lake halikosi mtu wa kugusa farasi, linakosa mtu wa kusoma vibandiko, na kwamba huyo binti anayekuandikia barua ameshamaliza shule na hana kazi. Sijui atasema nini. Lakini usifunge mizigo yako mpaka ajibu.

Mama Asio ameniletea salamu kwa dereva wa tanki. Amenunua ng'ombe mwingine. Anasema anauliza kama ng'ombe naye tutamnyoa.

Asubuhi hii mke wa Bwana Kasule alikuja zizini akamtazama Kanali muda mrefu. Akaniuliza, "Callistus, farasi hulala amesimama kwa nini?" Nilifungua mdomo. Jibu lilikuwa tayari limeanza kujitengeneza, zuri, lenye sababu tatu. Nikalimeza.

Nikamwambia, "Sijui, nnyabo."

Akasema, "Mimi pia sijui," akavuta ndoo akakaa, na tukaendelea kumtazama.

Ni mimi,
Callistus Oduori